Mayelini: ratiba ya kurithi au matumizi?

Mwanakondoo husimama na kutafuta chuchu muda mfupi tu baada ya kuzaliwa. Nyuzi nyingi za neva katika uti wake wa mgongo huwa zimekwisha kuvikwa mayelini, ule utando wa mafuta unaoharakisha ishara, angali tumboni. Kitoto cha panya huzaliwa macho yamefumba, na mayelini ya ubongo wake huja hasa katika wiki za mwanzo. Wanaoamini kwamba kazi hii huenda kwa ratiba ya kurithi huanzia hapo: mwanakondoo alitembea lini hata neva zake zivikwe kwa ajili ya kutembea?

Wana hoja nzito zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa California waliweka oligodendrosaiti, seli zinazotengeneza mayelini ya ubongo na uti wa mgongo, pamoja na nyuzi za plastiki. Seli zikazivika, mradi unene wa uzi uzidi takriban mikromita 0.4. Plastiki haipitishi ishara yoyote.

Upande wa pili, unaosema mayelini hutegemea matumizi ya neva, nao una majaribio yake. Mwaka 1996 Demerens na wenzake walionyesha kwamba sumu ya bunju, inayozima ishara za neva, huzuia mayelini kuumbika, na sumu ya nge inayozichochea huizidisha. Panya waliotengwa na wenzao kwa wiki mbili mara tu baada ya kuachishwa kunyonya walipata mayelini nyembamba sehemu ya mbele ya ubongo, na kurudishwa kundini hakukuwasaidia.

Mimi plastiki hainitoshi. Inathibitisha kwamba seli inaweza kuvika. Haisemi itachagua uzi upi kati ya maelfu. Wala mwanakondoo si shahidi safi, maana hurusha mateke tumboni, na neva zake zinafanya kazi tangu huko. Kinachonishawishi ni samaki wadogo wa maabara, zebrafishi: mwaka 2015 nyuzi zao zilipozuiwa kumwaga kemikali za mawasiliano, kila oligodendrosaiti ilitengeneza vifuko vichache zaidi vya mayelini, lakini haikuacha kutengeneza. Matumizi, basi, hupunguza na kuongeza kazi ambayo tayari imeanza.

Hayo ni ya ubongo na uti wa mgongo. Kwenye neva za mikono na miguu, seli za Schwann hupokea amri kutoka kwa uzi wenyewe kupitia protini ya neuregulini, ambayo kiasi chake ndicho huamua unene wa utando. Huko ubishi wa plastiki hauna nguvu.

Kwa wale panya waliotengwa, ratiba na matumizi havitenganiki: upweke ndio uliopunguza mayelini, ila ni umri uliofanya hasara hiyo isirekebishike.