Trekta la nyasi kwenye mlima: kabla ya kuuliza farasi ngapi, pima digrii

Shemeji yangu, mume wa dada, amepata nyumba nje kidogo ya Pittsburgh, kiwanja karibu eka moja na nusu, na kama unaijua hii Pennsylvania ya magharibi basi unajua eka moja na nusu ya huku hailali, yote imeinama. Kanipigia simu na swali moja, "shem, kuna trekta la kukatia majani liko ofa, farasi 24, jipya kabisa, nichukue?" Nilimjibu palepale asichukue kwanza, ila majibu ya simu hayatoshi, na hili swali naulizwa kila mwezi wa nne majani yakianza kuota, kwa hiyo leo naliandika lote.

Farasi, yaani nguvu ya injini, sio tatizo. Karibu kila trekta la nyasi linalouzwa leo, liwe la farasi 18 au 24, lina injini ya kutosha kupanda mlima na visu vinazunguka. Kinachoshindwa mlimani ni giaboksi, tairi na breki, na hivyo vitatu kwenye tangazo la ofa huvioni, tangazo linapiga kelele kuhusu farasi na upana wa deki, lile sanduku la visu chini ya trekta, basi.

Lakini hata kabla ya giaboksi, pima ardhi. Watu wanapima kwa macho, na macho yanadanganya, tena sisi tuliokulia Lushoto ndo yanatudanganya zaidi kwa sababu tumezoea kuona mahindi yamesimama kwenye ukuta. Chukua ubao ulionyooka wa mita mbili, ulaze juu ya mteremko, weka simu juu yake, fungua ile programu ya timazi, soma digrii. Fanya hivyo sehemu sita saba, hasa pale unapopaogopa. Na usichanganye digrii na asilimia. Hapa Pittsburgh kuna barabara ya Canton Avenue, mtaa wa Beechview, inajulikana kwa ukali wake, mwinuko wa asilimia 37, watu wanatoka mbali kuja kuipiga picha. Asilimia 37 ni kama digrii 20 tu. Sasa vitabu vya maelekezo vya matrekta mengi ya nyumbani vinaweka mwisho digrii 15, yaani ukienda mita moja mbele ardhi imepanda sentimita 27 hivi, na vingine vinashuka hadi digrii 10. Kwa hiyo mteremko ambao kwa macho yako ni "wa kawaida tu" unaweza kuwa tayari umevuka kile ambacho mtengenezaji mwenyewe anakikubali.

Kwa nini 15, kwa nini wasiseme 25? Trekta la kawaida lina uzito wa kama kilo 200, mimi nina kilo 95, na nakaa juu, sio chini. Nikikaa pale karibu theluthi ya uzito wote imehamia kwenye kiti. Alafu trekta ni refu kuliko lilivyo pana, ndo maana wanasema panda na shuka nalo moja kwa moja, usikate kwa kukingama, kwa sababu ubavuni linapinduka kirahisi zaidi. Mashine ya kusukuma kwa mkono ni kinyume chake, ile unakata kwa kukingama ili mguu ukiteleza isikuangukie wala wewe usiingie chini yake. Watu wanachanganya haya mawili na ndo ajali zinapoanzia.

Na kupanda sio kubaya kama kushuka, hili nataka lieleweke vizuri. Ukipanda, uzito unarudi nyuma, juu ya tairi zinazosukuma, zinang'ata ardhi. Ukishuka uzito unakwenda mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na breki ya trekta la nyasi iko nyuma tu, tairi za mbele hazina breki kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka saa mbili asubuhi, umande haujakauka, nikashuka na mfuko wa kukusanyia nyasi umejaa kule nyuma. Nikakanyaga breki. Tairi zikasimama, nikaziona kwa macho zimesimama hazizunguki, na trekta likaendelea kushuka vilevile, taratibu, bila hata kelele ya kutisha. Niliacha mistari miwili ya udongo mweusi kwenye majani, kama mita nane, nikaishia kwenye kichaka cha jirani. Sikuumia. Ila tangu siku hiyo sikati kabla ya saa tano na mfuko sifungi tena, majani yanaangukia palepale yanakuwa mbolea.

Sasa tuje kwenye kununua, na hapa kuna hoja za kweli pande zote.

Upande wa kwanza ni trekta jipya la bei ya chini, dola elfu mbili na kitu, kama lile la ofa. Utetezi wake upo: lina waranti, spea zipo kila mahali, halikupotezei Jumamosi nzima unatafuta kwa nini haliwaki, na kwa mtu anayehamia nyumba ya kwanza hela zimeisha zote kwenye nyumba. Shida ni giaboksi. Matrekta mengi ya daraja hili yanakuja na giaboksi ya haidro, ile ya pedali isiyo na klachi, na ndogo inayojulikana sana ni Tuff Torq K46. Sio mbaya, imetengenezwa kwa kazi nyepesi, na kwenye kiwanja tambarare inakaa miaka. Ila giaboksi ya haidro inasukuma gurudumu kwa presha ya oili, na mlima mrefu unaichemsha oili, ikichemka inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, presha inashuka. Dalili yake utaijua: asubuhi trekta linapanda vizuri, baada ya nusu saa linaanza kuzembea, unakanyaga mpaka mwisho linatembea kama mgonjwa. Na wengi wanasahau kwamba giaboksi hiyohiyo ndo inayokushikilia ukishuka, ukitoa mguu kwenye pedali ndo breki yako ya kwanza, sasa ikichoka kupanda imechoka na kushuka pia.

Upande wa pili ni trekta zito, lile la daraja la juu, lenye giaboksi kubwa kama K66 ya Tuff Torq haohao, na mengine yana difu loki, kama mfululizo wa X500 wa John Deere ambao unakanyaga pedali tairi zote mbili za nyuma zinazunguka pamoja. Kwa dereva yeyote aliyewahi kukwama kwenye tope hili halihitaji maelezo, bila loki tairi moja ikiteleza nguvu yote inakimbilia huko. Jipya bei yake ni mara mbili au tatu ya lile la ofa. La mitumba, lililotunzwa, unaweza kulipata kwa bei ileile ya la ofa, ila hapo huna waranti, na hujui mwenye nalo wa kwanza alilitesaje. Ukienda kuliona usikubali kulikuta limeshawashwa, uone mwenyewe linavyowaka likiwa baridi. Alafu litembeze dakika 30 mpaka lipate moto, kisha ulipandishe mlima. Giaboksi iliyochoka itajisema yenyewe.

Mimi nachagua la mitumba zito. Najua fundi mmoja ninayemwamini anasema kinyume, anasema mtu asiyejua kushika spana anunue jipya, na kwa kiwanja chenye digrii 5 mpaka 8 nakubaliana naye kabisa, hapo hakuna sababu ya kuhangaika. Kuanzia digrii 10 kwenda juu naona la bei ya chini ni kununua mara mbili.

Kuna wanaosema nunua la bei ya chini kisha uliongezee uzito, tia maji yasiyoganda kwenye tairi za nyuma, kama lita 20 kila moja, au funga vyuma kwenye rimu, au weka tairi za meno kama za shamba. Kwa kung'ata ardhi inasaidia kweli, mimi mwenyewe nimeweka maji. Ila fikiria: giaboksi ilikuwa inapumzika kila tairi ilipoteleza, sasa tairi haitelezi, mzigo wote unairudia yenyewe, na bado umeiongezea kilo 40. Uzito ni dawa ya tairi, sio ya giaboksi.

Alafu kuna hizi mashine za leva mbili zinazogeuka papo hapo, ziro-tani. Ndugu zetu wanaofanya kazi za bustani wanazipenda, na wana haki, ziko chini, pana nyuma, kazi ya saa mbili inakwisha kwa moja, na zile za biashara zina chuma cha kukulinda zikipinduka pamoja na mkanda. Ila tairi zake za mbele kwa kawaida ni za kujizungukia tu kama za kitoroli cha dukani, haziongozi kitu. Usukani wako na breki yako vyote viko kwenye tairi za nyuma, zikiteleza umepoteza vyote kwa mpigo. Anayekata viwanja kumi kwa siku anaijua mkononi, anahisi inapoanza kuponyoka. Mtu wa Jumamosi mara moja kwa wiki bado hana huo mkono. Kwa mlima wa nyumbani sishauri.

Zaidi ya digrii 15 mjadala wa trekta hili au lile umefungwa. Zipo mashine za kweli za huko, Ventrac ya Ohio ikifungwa tairi mbilimbili inakubali hadi digrii 30, ila bei yake ni ya gari. Husqvarna wana roboti la tairi nne zinazosukuma zote, Automower 435X AWD, linapanda asilimia 70, yaani digrii 35, na likianguka hakuna mtu juu yake. Mimi nina ukanda wa digrii 19 kule chini, nimeuacha majani yapande, naufyeka mara mbili kwa mwaka kwa mashine ya kuvaa begani, na maua ya porini yamejiotea yenyewe.

Na mtoto usimpakate. Naona wazazi wanawazungusha watoto kwenye trekta wanacheka, na mtoto anafurahi kweli, ila likiteleza mikono yako inakwenda kwenye usukani, yeye anashuka upande wa visu.

Juzi shemeji kanitumia vipimo vyake. Juu digrii 7, katikati 13, kule chini kwenye mtaro 22. La ofa ameliacha. Jumamosi tunaenda kuona trekta zito la mitumba, nimemwambia amsihi mwenye nalo asiliwashe kabla hatujafika, na ule mtaro nitamwazima mashine yangu ya begani.