Mbunge wa huku hana basari ya kugawa

Wakenya tulio ughaibuni tukianza kuzungumzia mgawanyo wa mamlaka kati ya Bunge, serikali na mahakama, tunakimbilia majaji. Tuna sababu. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu yetu, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais. Miaka miwili baadaye, hapa Uingereza ninakoishi, majaji 11 waliamua kwa kauli moja kwamba Boris Johnson alisimamisha vikao vya Bunge kinyume cha sheria. Upande huo sioni tumepungukiwa na nini.

Tunakokwama ni kwa mbunge.

Tena kwa maandishi sisi ndio tuliotenganisha zaidi. Katiba ya 2010 hairuhusu mtu kuwa mbunge na waziri kwa wakati mmoja; huku mawaziri wengi ni wabunge. Ungedhani basi mbunge wa huku ndiye mwenye mkono mrefu. Niliwahi kumsindikiza jirani kwa mbunge wetu, siku yake ya kusikiliza wananchi, kwenye chumba cha maktaba. Nyumba ya halmashauri aliyopangishwa ilikuwa imeota ukungu ukuta mzima, mtoto anakohoa usiku kucha. Mbunge aliandika kila kitu, kisha akasema wazi: pesa za ukarabati sina, ninachoweza ni kuwaandikia wahusika na kuwabana wajibu. Nakala ya barua ikaja: ukurasa mmoja, maswali matatu, kila swali likidai tarehe. Jirani yangu hakutoka pale na deni la kura.

Nyumbani mheshimiwa huja na hema, viti vya plastiki na hundi ya kadibodi iliyo ndefu kuliko meza. Pesa za CDF, yaani hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, zilizoanzishwa kwa sheria ya 2003, ni kodi ya wale wale wanaopanga foleni juani, lakini shukrani anapewa yeye. Mama mdogo humwita mfadhili, nami simlaumu hata kidogo. Karo ya binti yake ililipwa kweli, na madarasa yaliyojengwa kwa pesa hizo watoto wanasoma ndani yake. Lakini nani atamkagua mtu huyu? Anapitisha bajeti, analitengea eneo lake fungu, ana sauti katika kuligawa, halafu huyo huyo ndiye tunayemtegemea aulize pesa zilitumikaje.

Mahakama ya Juu iliona hivyo pia. Agosti 8, 2022 ilitangaza kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, mgawanyo wa mamlaka ukiwa miongoni mwa sababu. Kesho yake nchi ikapiga kura, na habari hiyo ikafunikwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaiangusha na sheria iliyofuata, ile ya 2015. Jibu la Bunge la Taifa, mwaka 2025, lilikuwa kupitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe, wa serikali na wa upinzani wakiwa kitu kimoja. Mambo mangapi mengine huwaunganisha hivyo?

Mimi nataka pesa za basari ziende shuleni moja kwa moja kupitia Wizara ya Elimu, kwa kigezo kimoja, mtoto awe wa Turkana au wa Kwale. Zikichelewa, mbunge amwite waziri mbele ya kamati, na asimwachilie mpaka aseme ziko wapi.