Terminali inyamaze, faili liseme

Anayeiga kwa kompyuta maji kujaa na kupwa katika ghuba ya Tanga hana haja ya kutazama kila hatua ya hesabu ikipita kwenye skrini. Programu inayobwabwaja inaficha hatari, na waandishi wa programu hizi wanalichukulia jambo hili kwa wepesi mno.

Tupige hesabu. Kwenye kina cha mita 20, wimbi la maji kujaa husafiri karibu mita 14 kwa sekunde. Ukiigawa bahari kwa miraba ya mita 100, hatua ya sekunde 5 inafaa. Ukiweka 10 kwa mbinu ya kawaida ya moja kwa moja (kila hatua hukokotolewa kutoka ile iliyotangulia tu), hesabu inalipuka na namba zinageuka NaN, yaani "si namba". Siku 30, zenye bamvua mbili na maji mafu mara mbili, ni hatua 518,400. Mistari 50 kwa hatua, herufi 80 kwa mstari: zaidi ya gigabaiti 2. Onyo moja humo ndani, nani ataliona?

Kwa hiyo skrini ibaki na maonyo na makosa tu. Maktaba ya logging ya Python, ya kuandika kumbukumbu za programu, ndivyo ilivyo usipoigusa: huonyesha kuanzia WARNING (onyo), yaani ngazi ya 30, na kupanda; INFO (taarifa) ni 20 na DEBUG (uchunguzi wa kasoro) ni 10, kwa hiyo hazionekani. Anayetaka zaidi apewe chaguo la -v (maelezo zaidi). Maendeleo yaandikwe kila saa ya bahari, yaani kila hatua 720.

Matokeo yapite stdout (njia ya kawaida ya kutolea, namba 1), maonyo yapite stderr (njia ya makosa, namba 2). Programu yetu tuiite iga:

iga > maji.csv 2> iga.log

Ukitaka vyote faili moja, andika > iga.log 2>&1. Ukigeuza mpangilio, maonyo yanabaki kwenye skrini, maana sheli, programu inayopokea amri zako, husoma kushoto kwenda kulia, na 2 inapoambiwa ifuate 1, 1 bado inaelekea skrini.

Wengi hupenda | tee iga.log, inayoonyesha matokeo kwenye skrini huku ikiyaandika kwenye faili. Tatizo ni kwamba jibu la mwisho linalorudi (namba inayosema kazi imefaulu au imeshindwa) ni la tee. Programu ikianguka, skripti inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kwenye Bash, tangulia na set -eo pipefail, ili programu ikishindwa skripti isimame.

Kisha kuna bafa, hifadhi ya muda ya matokeo kwenye kumbukumbu. Matokeo yakielekezwa kwenye faili, programu ya C huyakusanya kwanza, mara nyingi baiti 4,096, ndipo iyaandike. Ikiuawa ghafla, mistari ya mwisho, ile hasa unayoitafuta, inapotea. Tumia stdbuf -oL, au -u kwa Python, ili kila mstari uandikwe mara moja. Umeme ukikatika hata hiyo haitoshi. Programu yenyewe iite fsync, inayosukuma data hadi kwenye diski, kila baada ya muda.

Asilimia zinazojifuta na kujiandika upya zionekane pale tu isatty, inayouliza kama matokeo yanaenda kwenye terminali, inapokubali. Ndani ya faili hazina mistari mipya, kwa hiyo grep, chombo cha kutafuta maneno, huziona zote kuwa mstari mmoja mrefu.