Mkono uliotundikwa nyuma ya mlango

Binti yangu alizaliwa bila kiganja cha kushoto. Mkono unaishia chini kidogo ya kiwiko, na pale mwishoni ana vinundu vidogo kama punje za mahindi. Miaka yake ya mwanzo nilimvalisha sweta hata jua la Februari lilipowaka. Wanawake wenzangu walikuwa wakiniuliza nilimcheka nani nikiwa na mimba. Sikumcheka mtu. Mara nyingi hali hii hutokea tumboni katika wiki za mwanzo, na mama hana kosa.

Alipotimiza miaka minne tukapewa mkono wa bure kwenye hafla ya kugawa viungo bandia. Kulikuwa na keki na picha nyingi. Vidole vyake havikujikunja, lakini kwa mbali ulifanana na mkono, na mimi nililia kwa furaha. Wiki ya tatu niliukuta umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamuuliza kulikoni. "Mama, huu hausikii."

Kigutu chake kinasikia. Anabana nacho daftari, anakandamiza nacho embe kifuani huku akilimenya, anafunga kamba za viatu kabla kaka yake hajamaliza kimoja. Nilipomvisha ile plastiki nilifunika kila alichokuwa ameshajifunza. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wa watoto na vijana 489 wenye hali kama yake: waliovaa mkono bandia hawakuwazidi wasiovaa kwa lolote la maana katika shughuli za kila siku. Laiti ningelijua hilo siku ya keki!

Mguu ni habari nyingine. Mtoto aliyezaliwa bila mguu anahitaji wa bandia mapema, pale anapoanza kujivuta asimame. Hapo sina ubishi. Ninachopinga ni mazoea ya kudhani mkono nao ni vivyo hivyo, kwamba pengo lolote sharti lizibwe, na mzazi anayesita hampendi mwanawe.

Wazazi wenzangu, kabla ya kuuliza mkono gani, muulizeni mtoto ni kazi gani inamshinda. Wangu alisema baiskeli. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, mgongo umepinda upande. Fundi wa viungo alichukua kipimo cha kigutu kwa plasta, akatengeneza kikombe chepesi cha kuvalisha kigutu, chenye kishikio cha usukani, kinachochomoka chenyewe akianguka. Hakina vidole wala hakipendezi, na anakivaa kwa hiari yake akipanda baiskeli, basi.

Msiangalie video za mikono ya ajabu mkadhani yote inamfaa kila mtu. Ile ya plastiki inayotoka kwenye printa, mingi hufunga vidole mtu anapokunja kifundo cha mkono. Asiye na kifundo ataivuta kwa kitu gani? Ya betri ni mizito, inahitaji kuchajiwa, na jasho na vumbi vyetu haviihurumii. Kulabu inayokaa mahali pa kiganja na kuvutwa kwa kamba ya begani haivutii macho, lakini inashika kweli.

Na ukishapokea kifaa, kazi ndiyo imeanza. Mtoto anakua, kikombe kinabana. Ninakiosha kila jioni kwa sabuni, ninakisuuza, kinakauka usiku. Akivua ninaangalia ngozi: wekundu usiofifia baada ya nusu saa hivi maana yake turudi kwa fundi. Ndiyo maana nina uchungu na hafla za siku moja. Wagawaji wameshaondoka, namba ya simu haipokelewi, na ule mkono haukumtosha hata mwaka. Sisi tuna bahati ya kukaa karibu na Moshi, ambako pale hospitali ya KCMC kuna chuo kinachofundisha mafundi hawa tangu 1981. Anayetoka Kigoma nauli peke yake inamrudisha nyumbani. Mfadhili akiniuliza, nitamwambia alipe nauli ya safari ya pili na ya tatu.

Sasa ana miaka kumi na mitatu. Mwezi uliopita, tukichambua mboga, akasema anataka mkono wa kuvaa siku ya kipaimara, ule wa sura tu, usiofanya kazi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshajizoesha kusema hauhitaji. Lakini safari hii ameomba mwenyewe, na kutaka kupendeza nako ni haja. Jumatatu tunakwenda kupima. Amesema lazima uwe na kucha.