Bei ya Sakiti Haimo Kwenye Vipuri

Juzi hapa Mikindani tajiri mmoja wa mashua za dagaa alikuja kuchukua chaja niliyombunia kwa ajili ya betri za taa zake. Akafungua kifuniko, akaanza kunihesabia: hii elfu mbili, hii mia tano, kibao cha sakiti elfu tano. "Fundi, hapa hapazidi elfu ishirini. Laki inatoka wapi?" Nilimjibu kwa adabu maana ni mtu mzima, lakini neno lile limenikaa kifuani mpaka leo.

Chaja yake ya zamani, ya dukani, niliifungua mwenyewe. Miguu ya vipuri ilikuwa imeota kutu ya kijani, na njia moja ya shaba imeliwa na chumvi ya bahari hadi ikakatika. Tena ilikuwa ikisukuma volti 14.4 asubuhi na mchana, bila kujali jua. Betri ya asidi ya volti 12 ikipata joto hutaka volti pungufu, kama 0.2 hadi 0.3 kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Chaja isiyopima joto, ndani ya kibanda cha bati, inaikausha maji betri taratibu. Ndiyo maana betri zake zilikuwa zikifa kabla ya giza la pili, yaani msimu wa pili wa usiku usio na mwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa.

Mimi nimebana kipimajoto ubavuni mwa betri, kidogo kama punje ya mtama, ili chaja ijishushe yenyewe. Njia za shaba nimezichora upya mara nne. Kibao cha kwanza kiliungua saa nane za usiku, nikaanza tena. Mwisho nikapaka vanishi pande zote mbili, chumvi isipate pa kuingilia. Kazi hiyo haihesabiki kwa kufungua kifuniko!

Nakubali, ya dukani ni rahisi, na mtu wa bara mwenye taa moja sebuleni itamtosha. Na fundi redio namheshimu sana, ndiye aliyenifundisha kushika pasi ya kulehemu. Lakini kufufua kilichokufa ni kazi moja, kubuni kisichokuwepo ni nyingine. Gesi ya Mnazi Bay inatuwashia umeme hapa hapa Mtwara, halafu karibu kila tunachochomeka ukutani kimechorwa na mtu asiyeijua pwani hii. Inaniuma.

Tajiri amelipa nusu. Iliyobaki tumekubaliana baada ya giza hili, na sitapunguza hata shilingi.