Mita Inasoma 123

Maji ya kisima chetu pale Kigamboni ukinawa uso unatoka umekolea chumvi, na sabuni ya kipande utaisugua mpaka iishe mkononi hujaliona povu. Kwenye mita ya TDS yanasoma 1,480, yaani kila lita imebeba karibu gramu moja na nusu ya chumvi na madini. Sasa katika nyumba yenye maji ya namna hiyo, mimi nikaamua kufuga diskasi.

Diskasi ni samaki wa mto Amazoni. Duara kama sahani, ana rangi, ana maringo, na anataka maji laini, yaani yenye madini machache. Shemeji yangu aliniuliza kwa nini nisifuge samaki wa Kigoma, ambao Ziwa Tanganyika lao lina maji magumu na walishayazoea, tena Wazungu wanawanunua kwa bei mbaya. Nilijifanya simu inaita.

Basi nyuma ya jiko pakafungwa mashine ya RO, ya kutoa chumvi kwenye maji: chujio la tope, chujio la mkaa, membreni, yaani utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, na mwisho kopo la rezini, chembechembe zinazonasa chumvi iliyobaki. Na pampu juu yake, maana simtank yetu imekaa kwenye mnara wa mita 4, na membreni inataka presha ya kama baa 4. Kupata presha hiyo bila pampu ningelazimika kulipandisha simtank mita 40 hewani, juu ya minazi yote ya mtaa. Maji yakivuka membreni yanashuka mpaka 70 hivi. Yakivuka rezini yanasoma 0. Yanadondoka polepole kwenye pipa la bluu la lita 120, na kwa kila lita safi zinamwagika lita 3 au 4 za chumvi tupu, ambazo mke wangu anazipigia deki huku akisonya.

Mashine ilifanya kazi vizuri. Kisha mama mkwe akaja kututembelea kutoka Lushoto, na gunia la maharage.

Asubuhi moja nachovya mita kwenye pipa: 123. Usiku niliacha 0. Nikamwaga, nikajaza upya, usiku 0, asubuhi 123. Nikampigia fundi.

Fundi alifungua, akatoa oringi, kile kipete cha mpira, akainyoosha mbele ya jua, akasema imechoka. Tukabadilisha. Kesho yake 123. Akasema basi membreni imeliwa na klorini.

"Klorini ya wapi, fundi, na maji ni ya kisima?"

Akajikuna kisogo. "Basi imeliwa na chumvi."

Nikalipa membreni mpya. Kesho yake 123. Akaigeukia rezini, ile inayobadilika rangi ikichoka, na ilikuwa bado ya bluu kabisa. Akasema hizi rangi zinadanganya watu. Nikalipa rezini.

Raha pekee niliyokuwa nayo siku zile ni mezani. Maharage yalikuwa yameiva mpaka ndani, ganda halisikiki, mchuzi mzito. Kwetu maharage huchemka tangu asubuhi mpaka gunia la mkaa linalalamika, na bado yanagoma. Nikamsifia mama mkwe. "Ni mkono tu, baba," akasema, akaniongeza upawa mwingine.

Kisha akaitaka ile mita. "Hicho kijiti kinapima nini?"

"Uchafu, Mama," nikajibu kwa kifupi, maana nilikuwa na tonge mdomoni.

Akakichovya kwenye bakuli la maharage. Namba zikapanda mpaka zikapita uwezo wa kioo.

"Mchuzi wangu mchafu?"

Nililimeza tonge likiwa zima. Nikaeleza haraka kwamba hapana, Mama, kinapima vitu vinavyopitisha umeme majini, na chumvi inapitisha sana. Sukari, kwa mfano, hakiioni kabisa.

"Nikitia kilo nzima ya sukari hakioni?"

"Hakioni, Mama."

"Na hiyo chumvi, kinajua ni chumvi gani?"

"Hakijui. Kinatoa jumla tu."

"Basi hakina akili," akasema, akanirudishia.

Siku iliyofuata nikaiacha mashine ikimbie kidogo, kwa sababu maji ya mwanzo baada ya kulala huwa na chumvi iliyopenya membreni, kisha nikakinga kikombe moja kwa moja kwenye mpira. Mita: 0. Nikachovya pipani: 123. Mashine haina kosa. Maji yanaharibika yakiwa yametulia pipani. Nikatoa simu nikapiga hesabu. 1,480 gawanya kwa 12 ni 123 na ushee. Na pipa la lita 120 ukiligawa mafungu 12, kila fungu ni lita 10. Mtu anachota lita 10 za maji safi na kurudishia lita 10 za kisima. Nyumbani kwetu ndoo ya lita 10 ni moja tu. Ni ile ya kulowekea maharage.

Alfajiri nikajibanza nyuma ya pampu. Mama mkwe akatoka na kanga yake na ndoo, akachota kwa kata, taratibu, asipige kelele. Akaenda kwenye bomba la kisima, akajaza, akamimina pipani mpaka kwenye alama ile ile, akapangusa ukingo kwa pindo la kanga. Alipogeuka tukatazamana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamka mapema."

"Naangalia samaki."

"Hawajambo?"

"Hawajambo, Mama."

"Nimewachotea kidogo, nikawarudishia. Cha watu si vizuri kukipunguza."

Nikamwambia ahsante.

Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema na yeye huwa anaoshea nywele maji hayo hayo, ila anakinga kwenye mpira, hagusi pipa, kwa sababu yeye ana adabu. Fundi akaja tena, safari hii akatoboa njia baada ya membreni na kufunga koki jikoni. Maharage yanapata maji ya 70, rezini inabaki kwa ajili ya samaki. Gharama za ufundi sizitaji.

Jioni hiyo nilikuwa natayarisha maji ya diskasi. Maji ya 0 matupu nayo hawayawezi, kwa hiyo natia unga wa madini, kalisi na magnesi, na kupima. Mama mkwe akasogeza kigoda.

"Unatia nini?"

"Chumvi chumvi hivi, Mama. Za aina yake."

"Mashine ya pesa zote hizo imetoa chumvi, na wewe unairudisha?"

"Kidogo tu. Nafikisha 100."

Akanyamaza, akatazama kioo mpaka 100 ikatokea.

"Na mimi ndoo yangu ilikuwa inafika ngapi?"

"Mia moja ishirini na tatu."

"Yaani nimeviziwa gizani kwa ishirini na tatu?"