Mganga wa timu na apdeti mpya

Mama alishtuka siku aliponisikia chumbani nikipiga kelele, "Mimi ndiye mganga wenu, msinikimbie!" Alidhani nimeanza kupunga mashetani. Kumbe niko kwenye Overwatch, gemu ya timu mbili kupigana risasi ninayocheza tangu ilipotoka 2016, na kazi yangu humo ni moja tu: kuwarudishia wenzangu damu, yaani uhai wao.

Zamani Mercy, mhusika mganga niliyekuwa nikimtumia, aliweza kufufua timu nzima kwa mpigo mmoja. Basi mimi najibanza pembeni, wenzangu wanakufa mmoja mmoja, kisha naibuka nawainua wote. Nilijiona fundi. Septemba 2017 wenye gemu wakaubadilisha uwezo ule, ikawa unafufua mmoja mmoja. Wakongwe tulinuna miezi. Waliojiunga baadaye hawakujua hata kama kuna kitu kimeondoka. Wao walikaa karibu na timu wakatibu, basi.

Februari 2024 likaja kubwa zaidi. Wahusika wengi waliokuwa na damu 200 wakapewa 250, kila mtu akaweza kupona taratibu akikaa bila kupigwa, na anayepigwa risasi na washambuliaji akawa anapokea tiba pungufu kwa asilimia 20. Mpwa wangu alikuwa ametoka Chake Chake kuja kusoma mjini, ndiyo kwanza anaanza kucheza. Ananitazama namwagia dawa mtu anayechakazwa katikati ya uwanja.

"Mjomba, unapoteza dawa. Mwache akajifiche, atapona mwenyewe."

Iliniuma, wallahi. Lakini alisema kweli.

Hata hivyo sikubali wanaosema wageni ndio hodari. Siku nyingine adui alimrushia mwenzetu chupa ya Ana, mganga mwingine wa gemu, ile inayozuia tiba isiingie, na mpwa wangu akaendelea kutibu kwa bidii utadhani analipwa. Mimi nilisubiri iishe. Chupa ile naijua tangu 2016. Mgeni anawahi kuzoea hesabu mpya kwa sababu hana ya zamani ya kusahau. Mkongwe anajua adui ana nini mkononi. Kinachotuchelewesha wakongwe ni kiburi. Wiki mbili za kukubali kuwa mwanafunzi wa mtoto uliyemfundisha kushika mausi si jambo dogo.

Wapo walioacha kabisa, na siwalaumu. Wazee wa barazani wana kete zao 64 za bao na sheria walizorithi. Hakuna anayekuja kila baada ya miezi miwili kuwaambia nyumba sasa inaliwa vingine. Sisi kila apdeti inakula bando kwanza, ndipo ikuvuruge. Na ukicheza kutoka Unguja seva iko ng'ambo, dawa unaituma, inafika mtu keshazikwa.

Baadaye makali ya ile asilimia 20 yalipunguzwa. Nilimkuta mpwa wangu kakaa mbele ya skrini, kanuna.

"Kulikoni?"

"Mjomba, wameiharibu gemu."

Nikaenda zangu kuinjika chai.